Mti wa Vigong'ota Nyuma ya Nyumba ya Tata

Jumatatu, 3 Machi

Nimenunua daftari hili leo mjini Nyamira, duka la jirani na studio yangu, kwa ajili ya ndege. Nitaandika siku, hali ya hewa, chakula nilichotundika na nani amekuja kula. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Ekegusii ni cha watu wote hapa nyumbani, na Kiingereza nilikiacha shuleni. Kiswahili kitakuwa changu peke yangu.

Mimi ni mpiga picha, na kutoka Keroka hadi Kisii watu wanajua picha zangu ni za nini. Harusi zina msimu wake, lakini watu hufa mwaka mzima. Jeneza likifunguliwa, niko hapo. Mjane akizirai, niko hapo, lenzi usoni pake. Nimechoka kupiga picha za watu waliolala. Nataka kitu kinachoruka.

Nyuma ya nyumba ya baba mkwe wangu, Mzee Ochoki, ambaye sote tunamwita Tata, kuna mparachichi uliokauka zamani. Wiki jana nilimsikia kigong'ota akiugonga. Nimesoma kwamba katika nchi za baridi watu huwatundikia ndege hawa mafuta ya ng'ombe. Sijui kama wa hapa kwetu Gesima nao wanakula mafuta.

Jumanne, 4 Machi

Nilienda kuomba ruhusa. Nikasimama uani, yeye akiwa ameketi mlangoni pake.

"Tata, naomba kutundika mafuta kwa ule mti wako umekauka."

"Mafuta ya nini?"

"Ya ndege. Zikuje, nipige picha."

"Ndege ikule mafuta, na mimi nakula mboga ya kuchemsha?" Kisha akacheka. Tangu tumzike mama mkwe sijamsikia akicheka. "Tundika, Mama Ashley. Huo mti haunisaidii na kitu."

Ijumaa, 7 Machi

Mafuta ya figo kutoka buchari, yakayeyushwa, yakachanganywa na njugu zilizopondwa na unga wa mahindi. Nilitoboa matundu kwenye kipande cha mkalitusi, nikayajaza, nikakitundika kwa waya. Mwenye buchari aliniuliza ni nani mgonjwa wa kuchuliwa. Nikamwambia ni chakula cha ndege. Aliacha kukata nyama akanitazama, na wateja wake pia.

Jumatatu, 10 Machi

Hakuna.

Jumanne, 11 Machi

Hakuna. Kuzumburu, wale ndege wa mkia mrefu, walikuja kundi zima, wakanusa, wakaenda zao.

Alhamisi, 13 Machi

Leo nimejenga kibanda cha kujifichia katikati ya nepia, yale majani marefu ya ng'ombe, hatua chache kutoka kwenye mti. Fito, neti ya kijani, magunia ya chai, turubai juu, na tundu moja la lenzi. Tata alinisaidia kuchimba mashimo ya fito, lakini tulipomaliza hakukubali hata kuinama achungulie ndani.

"Hii ni nyumba ya nani?" akauliza.

"Si nyumba ya mtu, Tata. Ni gunia na neti."

Akakubali kwa kichwa, ila alibaki nje. Kwetu baba hakanyagi ndani ya nyumba ya mwanawe aliyeoa. Tunaita chinsoni, na ni heshima na haya kwa pamoja. Tangu mimi na mume wangu Haron tujenge, Tata hajawahi kuvuka kizingiti chetu. Mvua ikimkuta kwetu husimama chini ya mapaa. Chai yake naiweka juu ya kigoda, narudi nyuma, ndipo anakuja kuichukua. Sijawahi kumshika hata mkono. Wageni wanaona ni ubaridi, lakini mimi sijui mtu anayenipenda hivyo kutoka mbali.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua imeanza. Chai itapendeza, matope pia.

Jumatano, 19 Machi

AMEKUJA! Kichwa cha kijivu, mgongo wa kijani kilichoiva, na alipogeuka, kiunoni wekundu kama pilipili. Akapanda shina kwa mikupuo, akaegemea mkia, akachungulia tundu la kwanza. Akatoa ulimi. Nilibonyeza kwa pupa, nusu ya picha ni ukungu mtupu.

Tata alikuwa amesimama pembeni muda wote. Nilipotoka alinionyesha kitu. Alichukua mpini wa fimbo yake akaugonga mti haraka haraka, kokokokoko, akanyamaza. Kutoka mikalitusi ya ng'ambo akajibiwa.

"Umesikia?" akasema. "Ananijibu mimi."

Jumamosi, 22 Machi

Sabato. Kamera imepumzika. Ndege bila shaka walikuja wote.

Jumatatu, 24 Machi

Wako wawili, dume na jike. Wanatoboa shimo juu, karibu na tawi lililovunjika. Tata anagonga kila asubuhi kabla ya chai, na kila asubuhi wanamjibu. Njiani, wanawake wanaoenda kuchuma chai husimama kumtazama. Nilidhani wanafurahi naye.

Jumatano, 26 Machi

Anyona, mtoto wa jirani yetu Jacinta, alikuja na panga kutaka mti akachome makaa. Ni kijana wa bodaboda, mzuri wa sura, mdomo haufungi. Tata akamwambia mti hautoki, una ndege. Anyona akacheka hadi akashika magoti. "Mzee, unakataza mtu kuni juu ya ndege?" Akaukata mti panga moja kubwa, kwa utani tu, na jike akachomoka shimoni akapiga kelele.

Tata alikasirika mbele ya watu. "Ukirudi hapa na hiyo panga, utanijua!"

Maneno ambayo kila mzee huwaambia vijana. Jacinta alikuwa upande wa pili wa ua, akasikia.

Jumapili, 30 Machi

Picha bora ya maisha yangu haina jeneza. Ukungu wa asubuhi, mti mkavu, kipande cha mkalitusi kikining'inia kinadondosha mafuta, Tata ameinua fimbo, na juu yake kigong'ota ameinamisha kichwa anamsikiliza. Nimeiweka kwenye stetasi ya simu yangu. Rafiki yangu Phanice, anayeuza mitumba sokoni Daraja Mbili, aliniandikia, "Waah, hii ni moto!" Nilifurahi siku nzima.

Jumanne, 1 Aprili

Anyona amefariki. Pikipiki iliteleza kwenye matope pale darajani. Nilimsikia Jacinta akilia kutoka huku kwetu, na sufuria ikanitoka mkononi.

Alhamisi, 3 Aprili

Tulienda matangani, mimi na Tata. Watu walitusalimu. Ila benchi tuliyokaa ilibaki na sisi wawili tu, na watu wengine wakasimama mvuani.

Jumamosi, 5 Aprili

Sabato. Kanisani Phanice alikaa mbali nami. Alisema amechelewa kuniona.

Jumatatu, 7 Aprili

Mteja alikuja studio kuchukua picha za pasipoti. Akaniuliza, "Wewe ndio uko na ile picha ya mzee na ndege?" Nikamwuliza ameiona wapi. Akasema imezunguka, yeye ametumiwa na watu watatu. Kuna aliyeandika juu yake kwamba ilipigwa siku mbili kabla Anyona afe. Ni kweli. Ndiyo siku niliyoiweka mimi.

Nimeifuta kwangu. Haisaidii kitu, kila mtu anayo.

Alhamisi, 10 Aprili

Mazishi ya Anyona. Jacinta alikuwa ameniagiza kabla maneno hayajaenea, na hakunikataza, kwa hiyo nilienda na kamera. Nilikuwa na hofu tangu naamka. Lakini mtu akishika kamera watu humsahau. Niliinama nyuma ya lenzi ndefu nikimtafuta mchungaji, nikawapata wanaume nyuma ya hema, karibu hata sauti zao zikanifikia wazi.

"Mafuta ni ya nini kama si ya kazi yao?"

"Anagonga, wanakuja. Umewahi ona ndege inaitwa na mtu?"

"Na alisema, utanijua. Mbele ya mama yake."

Mmoja akataja neno lenyewe, omorogi. Mchawi. Sitaandika majina ya wazee waliochomwa katika vilima hivi kwa sababu ya neno hilo. Nilipiga picha za baadhi ya mazishi yao, jeneza limefungwa, hakuna cha kuonyesha.

Katikati ya wanaume wale alikuwa Jasper, binamu ya mume wangu, rafiki mkubwa wa Anyona. Alikuwa ananitazama mimi, moja kwa moja ndani ya lenzi.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimemwogopa Jasper usiku kucha.

Jumapili, 13 Aprili

Alikuja. Akasimamisha pikipiki langoni bila kushuka.

"Shemeji, toa hiyo vitu kwa mti."

"Unanitisha?"

"Nakuambia tu. Toa. Itawaletea noma." Akawasha pikipiki akaondoka.

Sijawahi kutishwa kwa sauti ya chini hivyo. Nilikitoa kipande cha mkalitusi mara moja nikakitupa nyuma ya zizi.

Jumatatu, 14 Aprili

Tata amekirudisha. Nilimkuta amepanda kiti, anakaza waya.

"Tata, tafadhali."

"Nikikitoa watasema nimeficha. Jana walikiona, leo hakuna. Mtu anaficha kitu gani, Mama Ashley?"

"Basi usigonge."

"Na nikiacha kugonga watasema nimeogopa."

"Ogopa, Tata! Mimi naogopa!"

Nilipaza sauti kwa baba mkwe wangu. Alishuka kitini polepole, akachukua fimbo yake, akaugonga mti. Wakamjibu. Nilitamani wanyamaze milele, wale ndege niliowaombea waje.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua mchana wote. Phanice alikuja na ndizi, akakaa, akauliza Haron anarudi lini kutoka Naivasha, kama Tata hulala peke yake, kama mlango wake wa nyuma bado ni ule wa mbao. Nilimjibu yote. Alipoondoka ndipo nilipojiuliza kwa nini alitaka kujua habari za mlango.

Ijumaa, 18 Aprili

Nimefungua mlango asubuhi nikakanyaga kitu. Kipande changu cha mkalitusi, waya umekatwa kwa panga. Mafuta bado yamo kwenye matundu, na kila tundu limechomekwa kijiti cha kiberiti.

Sikupiga kelele. Nilikaa chini pale pale kizingitini nikavihesabu.

Nilimwonyesha Tata. Aling'oa vijiti kimoja kimoja akavitia mfukoni. "Viberiti ni ghali," akasema. Lakini hakugonga mti leo.

Nimempigia Haron. Anasema Tata apande gari kesho aje Naivasha. Nimemfikishia Tata. "Nikienda, watasema ni kweli. Na nikirudi nitarudi kwa nani?" Haron ameomba ruhusa kazini, atafika Ijumaa ijayo. Nimeripoti kwa mzee wa kijiji. Ameniambia nisiwe na wasiwasi, vijana wana hasira tu ya msiba.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka ya majirani Wakatoliki. Nyimbo kutoka ng'ambo. Nilihesabu watu waliopita njiani bila kusalimu, nikaacha kuhesabu.

Jumanne, 22 Aprili

Shimoni kuna makinda. Yanasikika ukisimama chini. Tata alinionyesha kwa kidole. Sikuleta kamera.

Alhamisi, 24 Aprili

Naandika hii Ijumaa, lakini iwe ya jana.

Baada ya chakula cha mchana mvua ilipungua ikawa manyunyu. Simu ikalia. Jasper. "Shemeji, mtoe mzee. Saa hii. Usipitie barabarani." Akakata.

Nilisimama na simu mkononi nikiwaza ni mtego. Anataka tutoke nje, wako nje wanangoja. Nilikuwa karibu kufunga mlango na kujifungia peke yangu. Naandika hili kama lilivyo: nilishika komeo. Kisha nikasikia filimbi upande wa kwa Jacinta, na filimbi nyingine ikajibu kutoka mtoni, na sauti nyingi pamoja, zile zisizosema neno.

Nikakimbia. Tata alikuwa amekaa kitandani kwake na koti mwilini, kama mtu anayesubiri safari.

"Tata, twende kwangu. Mlango wangu ni chuma, madirisha yana vyuma. Twende!"

"Kwa Haron?"

"Wanakuja, Tata!"

"Nasikia. Lakini siingii kwa Haron."

Nilipiga magoti. Nikamshika mkono wa koti na kuuvuta, mimi niliyekuwa sijawahi kumgusa, na akautazama mkono wangu kama vile ndio uliomtisha zaidi ya filimbi.

"Nimeishi hivi mpaka nikazeeka," akasema. "Nikiingia huko, leo nitapona, na kesho nitakuwa nani? Nenda ujifungie. Wewe hawakutaki."

Nililia kwa hasira. Nilimwambia nitakaa hapo hapo, watuchome wote wawili, aje amweleze Haron siku watakapokutana mbinguni. Hapo tukasikia ua unavunjika. Ndipo nilipokumbuka.

"Kibandani basi. Kile si nyumba ya mtu."

Akafikiri. Watu wako kwenye ua, na Tata anafikiri! Nilitaka kumbeba.

"Kile sawa," akasema.

Tulitokea mlango wa nyuma tukaingia kwenye nepia. Kibanda kina nafasi ya mtu mmoja na kiti. Niliketi chini, na Tata akaketi akinigeuzia mgongo, uso kwenye gunia, fimbo katikati ya magoti. Hata hapo. Kwa hiyo ni mimi niliyekuwa na tundu la lenzi, linaloona mti, ua na mlango wangu, na yeye hakuwa na kitu cha kuona ila magunia.

Niliwaona wakiingia uani. Nilidhani nitaona watu wa mbali, nyuso za kutisha. Nilimwona fundi aliyeezeka nyumba yangu. Nilimwona mwimbaji wa kwaya. Nilimwona kijana niliyempigia picha ya harusi mwezi wa Desemba, amevaa shati lile lile. Jacinta alikuwa nyuma, ameshikwa mabega na wanawake wawili, anatembea kama mtu anayepelekwa asikotaka.

"Wako wapi?" Tata akanong'ona.

"Uani."

"Wangapi?"

"Si wengi," nikamdanganya.

Kisha nikasikia sauti upande wa nyumba yangu, tamu kabisa. "Mama Ashley! Ni mimi. Toka kidogo tuongee, usiogope." Phanice. Aligonga mlango wangu, akasubiri, akagonga tena. "Toka mama, ni mimi tu." Nyuma yake, pande zote mbili za mlango wangu, walikuwa wamejibanza wanaume. Kama ningekuwa ndani ningefungua. Nilijua hivyo kwa hakika, nikauma kiganja changu.

Walipoona kimya waligeukia kwa Tata. Mlango wa mbao haukuwapa shida. Walitoa kiti chake, wakatoa picha ya mama mkwe iliyokuwa ukutani, wakavitupa matopeni. Moshi ulianza kidogo, wa kijivu, kisha ukawa mweusi.

"Wanafanya nini?"

"Wanatafuta tu, Tata."

Alivuta pumzi. "Hiyo ni godoro," akasema. "Godoro yangu inaungua."

Mgongo wake ulianza kutetemeka, na mimi nikaogopa fito zitatikisika. Niliweka kiganja katikati ya mabega yake nikamkandamiza. Hakunikataza.

Wakaujia mti. Panga mbili, na shoka moja. Walikuwa karibu kiasi kwamba vipande vya gome vilituangukia juu ya turubai. Ndege walikuwa wanazunguka juu wakilia. Mtu mmoja akasema nepia nayo ikatwe, mzee anaweza kuwa amelala humo kama nyoka. "Ngoja niangalie," mwingine akasema, na nikasikia nepia ikisukumwa, hatua kwa hatua, ikija kwetu.

Lenzi yangu huwa inatazama kupitia tundu lile. Jana tundu liliziba, halafu likawa jicho.

Jicho la Jasper. Liliniona, likaona mgongo wa Tata, likaona mkono wangu juu ya mgongo wa Tata. Nilikuwa nimeanza kuomba, lakini maneno ya sala yalipotea yote, nikabaki na jina la mwanangu Ashley tu, aliye shule ya bweni.

"Huku hakuna mtu!" akapaza sauti, jicho bado liko kwangu. "Wamepitia mtoni! Nimeona nyayo!"

Wakakimbia wote kuteremka. Mti ulianguka wenyewe baadaye kidogo, bila mtu.

Ijumaa, 25 Aprili

Haron amefika. Amelia kama mtoto mbele ya jivu. Tata amelala kwa dada yake Bitutu, kilima cha tatu kutoka hapa. Makinda yamekufa, nimeyafukia.

Jumapili, 27 Aprili

Kila siku niliyomwogopa Jasper alikuwa ananiambia kweli. Kila siku niliyomfungulia Phanice mlango alikuwa anaupima. Siwezi kumshukuru Jasper. Wakijua alituona, wataenda kwake. Leo tumepishana njiani, nikamsalimu kama ninavyomsalimu mtu yeyote, naye akaitikia bila kusimama.

Ijumaa, 2 Mei

Baraza. Imesemwa kwamba waliofanya vile ni wageni, vijana wa kutoka mbali. Watu wote wakakubaliana kwa vichwa, fundi wa paa, mwimbaji wa kwaya, wote. Polisi wakauliza kama kuna aliyewaona. Nilikuwa nimekaa kati ya Haron na Phanice. Phanice alinishika goti akanipa pole.

Nilisema sikuona mtu. Sauti yangu ilitoka laini kabisa. Nimejichukia tangu wakati huo, lakini ningeulizwa tena leo ningesema vile vile.

Jacinta alikuja kwangu baada ya watu kutawanyika. "Mzee hakuwa ndani siku ile?" akaniuliza. Nikamwambia hakuwa ndani. Akafunika uso kwa leso. "Mungu asante," akasema, na sikujua kama nimkumbatie au nimkimbie.

Ijumaa, 9 Mei

Haron amesimamisha chumba cha mabati pale pale, amerudi Naivasha. Tata amerudi nyumbani. Alisema hawezi kufia kwa dada yake. Amenyoa ndevu, amesalimia kila anayepita kwa jina, na wao wamemwitikia. Anaonekana mzima. Nimeanza kulala.

Jumatano, 14 Mei

Mvua.

Ijumaa, 16 Mei

Mvua. Nimebomoa kibanda. Tata alikuja akakaa mlangoni mwake akinitazama hadi nikamaliza.

Jumanne, 20 Mei

Nilikuwa jikoni nakaanga vitunguu, mlango wa mbele uko wazi kwa sababu jua lilikuwa limetoka. Barabarani wachuma chai walikuwa wanarudi kutoka kituo cha majani, wengi, vikapu vitupu mgongoni, wanaitana na kucheka. Mmoja akapiga filimbi kumwita mwenzake.

Nikasikia miguu sebuleni. Nilipotoka nilimwona Tata. Ndani. Bila fimbo, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna, matope yake kwenye zulia langu. Hakuniangalia. Alipita kati ya viti, akasukuma pazia, akaingia chumbani kwetu, mimi na Haron, mahali ambapo hata jina lake halikupaswa kufika. Nilimkuta ameketi sakafuni upande wa pili wa kitanda, magoti yamefika kidevuni.

Siku ile nilimpigia magoti aingie. Leo ameingia, na nililia kuliko siku ya moto.

"Ni wachuma chai tu, Tata," nikasema. "Wanatoka kupima majani."

"Wameenda?"

"Ni wachuma chai."

"Wameenda, Mama Ashley?"

Nikamwambia wameenda. Hakuniamini. Aliniomba nizime jiko, wasije wakaona moshi, nami nikaenda nikalizima.